Chavua ya Mgane

Kitaluni, Jumatatu, 9 Machi

Mume wangu, laazizi wangu,

Nimeliandika hilo neno la kwanza, mume, nikaliangalia mpaka wino ukakauka. Nina mume. Naambiwa nipange mifuko ya miche, najisemea moyoni nina mume, kuja kushtuka nimemwagilia mche mmoja mara tatu. Wenzangu wananicheka. Wanasema kitalu hiki sasa kina Bi Harusi wawili, mmoja yumo kwenye chungu na mwingine ameshika ndoo.

Siku kumi na moja za ndoa, halafu boti ikakuchukua. Mama yako ameniuliza tena umekwenda kufanya nini huko. Nikamweleza, sasa ni mara ya tano. Nikamwambia kuna mti mdogo usioota popote duniani ila kwenye kile kisiwa, nao una dume na jike mbalimbali. Jike wa mwisho alikauka miaka tisa iliyopita, ila kabla hajakauka walimkata kitawi wakakiotesha hapa kwetu, ndiye huyu Bi Harusi wa kwenye nyumba ya kioo. Dume wa mwisho amebaki huko peke yake, ndiyo maana watu wa kitalu wanamwita Mgane. Sasa mwanao anamlinda Mgane asiliwe na panya, na maua yake yakifunguka anakusanya ile chavua, ule unga wa njano, anautuma huku ili Mkuu wa kitalu ampake Bi Harusi. Bi Harusi akishika tunda msimu huu, mwanao anarudi nyumbani Juni. Asiposhika, anakaa huko mwaka mzima kungoja msimu mwingine.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani mwanangu ameacha mke mbichi ndani ya nyumba, akaenda kuwa mshenga wa miti."

Nilicheka mpaka nikalia. Kisha nikalia kweli kidogo, lakini si sana, usijali.

Sasa nikuambie kuhusu barua yako. Ilifika Ijumaa saa kumi jioni, nikaichukua kwa karani wa gatini nikitoka kazini. Sikuifungua. Ningeifunguaje pale, kati ya magunia na watu wanaogombania mizigo? Niliitia kifuani, ndani ya gauni. Jumamosi nilishinda nayo nikichanganya udongo, jua kali, jasho linanitiririka, nayo inanikwaruza kila nikiinama, nikawa kama nimeguswa na wewe. Nililala nayo. Mama alipoiona akaniuliza kama barua ni ya kusomwa au ya kunyonyeshwa. Jumapili nikaoga, nikavaa gauni la buluu unalolipenda, nikafunga mlango, ndipo nikaifungua. Hivyo ndivyo nitakavyofanya kwa kila barua yako, nikusubiri kama unavyosubiriwa mgeni wa heshima. Nimeisoma mara saba.

Kile kikaratasi cha chavua nimempelekea Mkuu leo asubuhi, hata mkoba hajautua. Hakikufunguka, nilikitunza vizuri.

Laiti simu ingeshika huko. Najua boti ikifika kwako haikai hata nusu saa, kwa hiyo utakuwa umeshaandika kabla hujanisoma, na tutajibizana kwa kuchelewa boti moja, wiki mbili nzima. Si neno. Niulize leo unachotaka, nitakupenda kwa jibu la mwezi ujao.

Mkeo, mwenye udongo kwenye kucha na wewe kifuani.


Kisiwani, Jumatano, 18 Machi

Mke wangu,

Boti inakuja kesho. Barua yako sijaiona, kwa hiyo najibu kitu ambacho sijakisoma.

Uliniomba kwenye gati nikueleze kila kitu, nami si mtu wa maneno mengi, ila hapa nimepata muda. Kibanda kina chumba kimoja, kitanda, meza, na tangi la maji ya mvua nje. Kisiwa chote ukikizunguka kwa miguu ni dakika arobaini. Siku ya kwanza nilikizunguka mara nne. Sasa nakizunguka mara moja ili kesho nibakiwe na la kufanya.

Mgane ananifika kifuani. Ameota kwenye ufa wa jiwe upande wa juu, shina lake nene kama kifundo cha mkono wangu, nalo limelalia upande wa bahari. Majani yake magumu kama ngozi ya kiatu. Maua ni meupe, madogo kama vifungo vya shati. Yanafunguka alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi upepo umeshapeperusha chavua yote, kwa hiyo naamka mapema nikiwa na brashi. Mkuu asisikie nikisema hivi, lakini jana nilijikuta nimemwamkia Mgane. Hakuitikia. Nahodha ameniambia siku akiitikia nisisubiri ratiba, niwashe moto juu ya jiwe atakuja kunichukua.

Mitego ya panya ni kumi na minne. Naikagua asubuhi na jioni.

Kikaratasi cha pili kimo humu ndani ya bahasha. Mpe Mkuu.

Jioni ndiyo mbaya. Nakaa mlangoni nikikumbuka jinsi unavyoongea ukiwa unasuka nywele, bila kujali kama nasikiliza. Sasa ningesikiliza.

Mumeo.


Kitaluni, Jumatatu, 23 Machi

Roho yangu,

"Sasa ningesikiliza." Maneno mawili tu, nikaanguka kitandani nikafunika uso kwa mto. Na ulidhani huna maneno.

Nimefanya kama mara ya kwanza. Ijumaa nikaipokea, nikakaa nawe kifuani siku mbili, Jumapili nikaoga na kuvaa, nikafungua. Joto wiki hii limezidi, hata bahasha ilikuwa imelainika. Mama amekwisha kuzoea. Sasa ananiuliza mezani, "Mwanangu ameshakula, au naye ana hamu ya supu?" huku akinitazama kifuani.

Kuna habari moja si nzuri. Maua sita ya kwanza aliyopakwa Bi Harusi yamenyauka na kudondoka yote. Mkuu alikunja uso tu akayaokota moja moja akayatia kwenye bahasha. Mimi sikuogopa. Nilimwambia Bi Harusi polepole, wakati namfuta vumbi, kwamba hata mimi siku ya kwanza nilikuwa na haya. Leo asubuhi amepakwa chavua ya kikaratasi cha pili. Safari hii atashika, naliona hilo.

Nimehesabu mpaka Juni. Nimeanza kushona mapazia.

Mkeo, wako, wako, wako.


Kisiwani, Jumatano, 1 Aprili

Mke wangu,

Barua yako ya tarehe tisa niliisoma boti ilipoondoka. Nashukuru.

Kuanzia safari hii, chavua itakwenda kwa Mkuu moja kwa moja. Nimeitia kwenye kikopo pamoja na mkaa mkavu, nikamkabidhi nahodha. Atampa mlinzi wa kitalu Ijumaa hiyo hiyo, naye atakiweka kwenye friji ya kitalu, maana funguo anazo yeye. Usihangaike nayo tena. Wewe baki na barua.

Nimemwandikia Mkuu pia kuhusu mambo ya kazi.

Mvua haijanyesha, tangi limebaki nusu. Panya wamepungua.

Msalimie mama.

Mumeo.


Kitaluni, Jumanne, 7 Aprili

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Haikuwa na cha kusoma mara saba.

Nimekukosea nini? Nimekuandikia kurasa sita, wewe unaniambia panya wamepungua. Na kikopo. Ulinipita mimi, mkeo, mfanyakazi wa kitalu hicho hicho, ukampa nahodha, naye akampa mlinzi, ambaye hata tofauti ya mche na gugu haijui. Mlinzi akaniringia getini, ananiambia, "Shemeji, mzigo wa mumeo siku hizi unapita kwangu." Nilicheka naye, kisha nikaenda nyuma ya bohari la mbolea nikasimama huko mpaka macho yakakauka.

Mama anasema wanaume wakikaa peke yao wanakuwa kama chumvi iliyoachwa wazi, wanaganda. Sijui kama alikuwa anakutetea au ananitia moyo.

Lakini hilo silo lililonikosesha usingizi. Leo Mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango. Amepokea barua yako. Ameniambia umekiri kwamba chavua ya mara mbili za kwanza uliianika juani badala ya kivulini, ikaungua, na kwamba kosa ni lako. Maua ya pili nayo yamedondoka. Mkuu alikuwa na hasira ya kimya, ile mbaya. Akasema msimu una maua ya awamu tatu tu, na mbili umezipoteza kwa uzembe, na kama ya tatu haitashika atapendekeza ukae mwaka mzima bila likizo.

Nilikutetea. Nikamwambia mume wangu hupima kivuli kwa rula. Mkuu akasema, "Basi rula yake imepinda."

Kwa nini hukuniambia mimi kwamba uliianika juani? Mkuu unamwambia, mimi unanipa habari za tangi. Kumbe nilidhani hakuna mlango kati yetu.

Mkeo.


Kitaluni, Jumanne, 14 Aprili

Mume wangu,

Barua ya tarehe saba imeshafungwa ndani ya gunia la posta, na karani amekataa kunirudishia. Zote mbili zinakwenda kesho kwa boti moja. Tafadhali, anza na hii. Ile nyingine ukiweza usiisome kabisa.

Jana Mkuu aliniita nimshikie taa. Alikuwa ameweka chavua ya kikopo chako kwenye tone la maji ya sukari, chini ya hadubini. Akaniambia nitazame. Niliona vipunje vya njano, na karibu kila kimoja kimetoa mkia mwembamba. Mkuu akaniambia hiyo ndiyo chavua hai, inaota. Akasema zile za kwanza hakikuota hata kipunje kimoja. Nikafurahi, nikasema basi mume wangu amejirekebisha. Mkuu akavua miwani.

"Mumeo anasema aliianika juani," akasema. "Mimi nimemfundisha kazi mwenyewe. Hawezi kukosea hivyo mara moja, achilia mbali mbili. Zile bahasha zilikuwa zinafika siku gani?"

Nikamwambia Ijumaa.

"Na kwangu zinafika Jumatatu. Zilikuwa wapi?"

Mume wangu, niliweka tu mkono kifuani.

Mkuu akanitazama, akakaa juu ya gunia la mchanga, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akavaa tena miwani. Akaniambia chavua ya mti huu ikipata joto na unyevu haimalizi siku moja.

Mimi nilijua mbegu. Miaka minne nafanya kazi na mbegu, na mbegu zetu zinakaa mikebeni hata mwaka, nyingine natembea nazo mfukoni wiki nzima na zinaota. Nilidhani chavua ni hivyo hivyo, kitu kidogo kikavu kisicho na haraka. Sikuuliza. Nilikuwa na raha sana, hata kuuliza sikukumbuka.

Nimeiua mara mbili. Kwa jasho langu, nikingoja Jumapili ifike. Kama hurudi Juni, ni mimi niliyekuzuia.

Mkuu ameichana barua yako ya kukiri. Mimi ameniondoa nyumba ya kioo, sasa najaza udongo kwenye mifuko. Sikulalamika. Awamu ya tatu ameipaka mwenyewe, kwa chavua ya kikopo. Yamebaki hayo.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Uliposema uliianika juani, ulikuwa unajua?

Mkeo.


Kisiwani, Jumatano, 29 Aprili

Mke wangu,

Nilijua.

Barua yako ya kwanza niliisoma nimekaa kwenye jiwe, karibu na Mgane. Nilifika pale penye kunyonyesha, nikacheka peke yangu kwa sauti, ndege wakaruka. Kisha nikaanza kuhesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nikaacha kucheka. Kikaratasi cha pili kilikuwa kimeshapakiwa, boti naiona inapotea.

Ningeweza kukuandikia mstari mmoja tu. Nilianza mara tatu. Lakini tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kubeba kitu changu namna hiyo. Niliogopa nikikuambia, utaona aibu, na ukiona aibu utaanza kuniandikia kwa mkono wa ofisini. Ndiyo maana nikakipitisha kikopo kando, nikajitwika kosa. Nilidhani nakulinda. Kumbe mimi ndiye niliyeanza kuandika kwa mkono wa ofisini, nikazungumzia tangi.

Kosa la kwanza pia ni langu. Juu ya kikaratasi niliandika "Ya Mkuu". Sikuandika "leo hii". Nilijua inakufa haraka, nikadhani kila mtu anajua.

Barua ya tarehe saba nimeisoma. Uliniomba nisiisome, lakini huku sina kingine cha kusoma.

Siku hizi naongea na Mgane wazi wazi. Nimemweleza kilichotokea. Naona ameinama zaidi, labda ni upepo wa wiki hizi.

Usiache kuniandikia kurasa sita.

Mumeo.


Kitaluni, Jumatatu, 11 Mei

Mpenzi wangu,

LIMESHIKA. Ua moja kati ya matano limevimba chini, dogo kama punje ya dengu, kijani. Mkuu aliniita kutoka kwenye udongo, akanionyesha, kisha akanipa leso yake.

Mama amesema tukio kama hili nyumba nyingine hupigiwa vigelegele, akapiga kimoja, peke yake, jikoni.

Likivuka wiki sita halidondoki tena. Na wewe usinifiche tena kitu kwa kunihurumia. Nitukane nikikosea, nitalia, kisha nitakuandikia kurasa saba.

Mkeo anayeruka ruka.


Kitaluni, Jumatatu, 25 Mei

Mume wangu,

Nimemwomba Mkuu aniachie nikuambie mimi, kabla barua ya ofisi haijakufikia.

Limeanguka. Alhamisi asubuhi nililikuta juu ya udongo wa chungu, limesinyaa. Hakuna aliyekosea safari hii. Mkuu anasema mti unaoshika kwa mara ya kwanza mara nyingi hutupa tunda, ni kama mwili haujajua bado unataka nini. Nimelizika kwenye mfuko wa miche, najua ni upuuzi.

Kwa hiyo ni mwaka. Nimekaa nao siku nne na nimeukubali. Nilifikiri nitakuandikia nikilia, na hapa nilipo nimekaa kwenye meza ya jikoni, mama yuko upande wa pili anachambua mchele, nyumba kimya, na kalamu inakwenda tu. Mapazia ya chumbani nimeyamaliza. Nikiyafunga mchana chumba kinakuwa cha kijani kama kiko chini ya maji, nakaa humo kidogo, kisha natoka. Boti ni ishirini na sita kwa mwaka. Nitakuwa na barua kwenye kila moja.

Kuna jambo moja, nakuambia kwa sababu nilikuomba tusifichane kitu, si kwa sababu lina maana. Bi Harusi ametoa vichipukizi vinne vya maua nje ya msimu. Mkuu anasema vitafunguka Jumamosi hii, tarehe thelathini, au Jumapili. Chavua ya kikopo cha zamani imeshakufa kwenye friji. Wewe barua hii utaipata Alhamisi, na boti haikungoji, na maua ya Mgane najua yamekwisha tangu mwanzo wa mwezi. Yatafunguka tu na kufunga.

Mtunze Mgane. Mwambie mwaka si mrefu. Nikiwaza kwamba mko wawili huko, napata usingizi.

Mkeo.


Kisiwani, Jumatano, 27 Mei

Mke wangu,

Mgane ameanguka.

Ilikuwa Jumatano iliyopita, alasiri. Upepo ulitoka upande ambao haujawahi kutoka, na nilipofika juu alikuwa amelala, mizizi imeng'oka ufani na kipande cha jiwe kimeshikamana nayo. Nilimwinua, nikamfunga kamba pande tatu, nikabeba udongo kwa ndoo kutoka bondeni, na maji yote ya tangi nikammwagia yeye. Siku ya tano majani yalianza kulegea. Ngozi ile ya kiatu ikawa kama kitambaa. Vitawi kumi na viwili nimevikata na kuvichomeka kwenye mchanga mbichi, ingawa Mkuu ameshajaribu miaka yote na kitawi cha dume hakijawahi kutoa mzizi.

Jana alfajiri nilikwenda kumtazama. Alikuwa amefungua maua tisa. Mti umelala chini unakufa, na umefungua maua. Nilikaa nikayaangalia, nikashindwa kuyagusa, kisha nikakumbuka kazi yangu ni nini, nikachukua brashi. Chavua yake iko kwenye kikopo na mkaa. Sijui ni ya kumpaka nani. Msimu wa Bi Harusi umekwisha, lakini sikuweza kuacha upepo uichukue na hiyo.

Hakuna kilichobaki cha kulinda hapa, kwa hiyo kesho napanda boti. Sijaagizwa na mtu. Barua hii itasafiri pamoja nami na nitakupa mwenyewe. Naiandika kwa sababu nimezoea kukuambia mambo kwa kalamu, na hili nikilisema kwa mdomo sijui kama litatoka.

Ulitaka nirudi. Nilitaka nirudi. Sikutaka iwe hivi.

Mumeo.

Alhamisi, 28 Mei, ndani ya boti.

Nahodha amenipa barua yako nilipokuwa napandisha sanduku. Nimeisoma nimekaa juu ya sanduku hilo hilo.

Maua manne, Jumamosi. Chavua ninayo, ya juzi, na ikiwa kavu na penye ubaridi inadumu siku tano hata bila friji. Nimekiweka kikopo kivulini chini ya benchi, nimekizungushia kitambaa chenye maji, na kila dakika chache natia mkono nione kama kuna joto. Nahodha ameacha kunitania. Ameniuliza kama ndiyo ya mwisho, nikamwambia ndiyo, akageuza usukani kidogo ili jua lisitupige upande huu.

Kesho saa kumi nitapita kitaluni kwanza, kisha nyumbani. Nitakukuta huko huko, kwenye udongo wako. Tutamwomba Mkuu akupe brashi wewe.

Sitakudanganya, naogopa. Maua manne ni machache, na moja lilishaanguka mbele yenu.

Kisiwa nimekitazama mara moja tu, tulipokuwa tumefika mbali. Kilikuwa kijani vilevile. Mtu asiyejua angedhani hakuna kilichopungua.

Mumeo.